Baada ya Kuongeza Matiti: Mwongozo Kamili wa Kupona na Kurudi Kwenye Kazi na Mazoezi

Wiki ya kwanza baada ya upasuaji wa kuongeza matiti haihitaji mtu wa kukukataza. Kifua kimebana, mikono haipandi, ukikohoa unajishika, na mwili wenyewe unakurudisha kitandani. Wiki za kuogopa ni ya tatu hadi ya tano. Hapo maumivu yamepungua, mshono umefunga, umejitazama kwenye kioo ukaridhika, na kazi za nyumbani zimekungoja vya kutosha. Lakini ngozi iliyofunga kwa nje haisemi yote yaliyomo ndani. Kidonda cha upasuaji cha wiki tatu hakijafikia hata theluthi moja ya uimara wa ngozi ya kawaida. Hukaribia asilimia 80 baada ya miezi mitatu hivi, na hakizidi hapo maisha yote. Maumivu huondoka kabla ya udhaifu kuondoka, na matatizo mengi ya kipindi hiki huzaliwa katika pengo hilo.

Karatasi utakayopewa hospitali, iwe ya Nairobi, Mumbai au Istanbul, itakuambia lini urudi jimu. Haitakuambia lini uinue ndoo ya maji, lini usonge ugali wa watu sita, lini usujudu au upande bodaboda. Kwa wengi wetu mazoezi mazito ya kifua hayako jimu, yako jikoni na bombani. Kwa hiyo nitayaweka yote pamoja. Na pale daktari aliyekupasua aliposema tofauti na ninavyosema hapa, mfuate yeye. Yeye ndiye aliyeona ndani.

Kwanza, jua ulichofanyiwa

Usitoke hospitali bila kujua mambo haya, na yaandike, maana ukiwa bado na ulevi wa nusukaputi hutayakumbuka.

Kipandikizi, yaani kile kifuko cha silikoni au cha maji ya chumvi kilichowekwa ndani ya titi, kimekaa wapi: juu ya msuli wa kifua, au chini yake? Hili ndilo swali kubwa kuliko yote. Msuli mkubwa wa kifua unaanzia kwenye mtulinga na mfupa wa katikati ya kifua, unaishia kwenye mfupa wa mkono wa juu. Ndio unaosukuma mlango, unaokumbatia, unaokamua shuka. Kipandikizi kikiwekwa chini yake, daktari huwa ameuachanisha msuli huo na sehemu ya chini uliposhikilia. Ndiyo maana waliowekewa chini ya msuli huumia zaidi siku za mwanzo na hukawia zaidi kurudi kwenye kazi za mikono. Waliowekewa juu ya msuli hupata nafuu haraka, ila kwao ngozi na mshono ndivyo vinavyobeba uzito wote, kwa hiyo kuruka na kukimbia mapema kuna gharama yake.

Mkato uko wapi: kwenye mkunjo wa chini ya titi, ukingoni mwa duara la chuchu, au kwapani? Wa kwapani ukichezewa kwa kunyoa, manukato au kuinua mkono mapema, huchelewa kufunga.

Kipandikizi ni cha umbo gani, la duara au la tone la maji? Na uso wake ni laini au wa kukwaruza? Cha umbo la tone hakitakiwi kuzunguka ndani, hivyo hakikandwi. Wengine, hasa wenye vipandikizi laini vya duara, huelekezwa kuvisogeza kwa mikono kila siku. Rafiki aliyefanyiwa mwaka jana akikuambia "lazima ukande", alikuwa anafuata maelekezo ya kipandikizi chake, si chako.

Mwisho, omba kadi ya kipandikizi, yenye jina la kiwanda, aina, ukubwa na namba ya utambulisho. Julai 2019 kampuni ya Allergan ilivirudisha kutoka masoko ya dunia vipandikizi vyake vya uso wa kukwaruza vya BIOCELL, baada ya mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, kuvihusisha na saratani adimu ya mfumo wa limfu. Mwenye kadi alijua siku ileile kama habari hiyo inamhusu. Asiye na kadi alianza kuitafuta hospitali aliyofanyiwa miaka mingi nyuma.

Andaa nyumba kabla ya siku yenyewe

Wanawake wengi hufanya upasuaji huu kwa siri. Wanasema wameenda kutolewa kidole tumbo, au wamesafiri kibiashara. Siri ni haki yako, lakini mtu mmoja unayelala naye nyumba moja lazima ajue ukweli wote: ulifanyiwa nini, namba ya daktari ni ipi, na dalili zipi zikitokea mkimbie hospitali saa nane usiku. Ukikosa mtu wa namna hiyo, ahirisha mpaka umpate.

Vitu unavyotumia kila siku vishushe kutoka makabati ya juu, viwe kati ya kiuno na kifua. Pata jagi dogo la kuogea na la kuchotea maji. Nunua sidiria mbili za kufungia mbele zisizo na waya, ili moja ikifuliwa uvae nyingine. Tayarisha mashati ya vifungo na magauni yanayofunguka mbele. Dera, ambalo kila mgonjwa hulikimbilia, huvaliwa kupitia kichwani, na wiki ya kwanza litakutesa. Kanga ifunge kiunoni, fundo lisikae kifuani.

Suka kabla, tena mtindo mwepesi, kwa sababu kukaa saa nne kwa msusi huku umejikunja, au kuinua mikono kujichana, havitawezekana hadi wiki ya tatu hivi. Panga nani atachota maji, nani atambeba mtoto, nani atafua. Panga kwa wiki sita. Walio wengi hupanga kwa wiki moja, halafu msaidizi anaondoka siku zile za hatari nilizozitaja.

Sigara na shisha acha angalau wiki nne kabla na wiki nne baada, kwani nikotini huibana mishipa midogo inayolisha ngozi, na kidonda kisicho na damu hakifungi. Mwambie daktari kila unachomeza, hata cha asili. Aspirini huongeza uwezekano wa kuvuja damu, na madaktari wengi hukataza pia mafuta ya samaki na vidonge vya kitunguu saumu.

Siku ya 1 hadi ya 3: kulala, dawa, na kutembea

Lala chali, mgongo umeinuliwa kwa mito mitatu au minne hadi uwe katikati ya kukaa na kulala. Mkao huo hupunguza uvimbe, na hukurahisishia kuamka. Weka mto mwingine chini ya magoti na mmoja kila ubavu, usijigeuze usingizini.

Kuamka kitandani kuna namna yake. Kunja magoti, telezesha miguu hadi ishuke pembeni, kisha inuka kwa nguvu ya tumbo na mapaja, mikono imekumbatia tumbo. Anayekusaidia akusukume mgongoni kwa kiganja. Asikuvute mkono hata siku moja. Kuvutwa mkono ni njia ya haraka ya kuuchana msuli uliotoka kuguswa na kisu.

Dawa ya maumivu inywe kwa saa, usingoje yachachamae. Paracetamol kwa mtu mzima mwenye ini zima ni vidonge viwili vya miligramu 500 kila baada ya saa sita, visizidi vinane ndani ya saa 24. Angalia dawa za mafua na za kichwa za dukani, kwa sababu nyingi zina paracetamol au aspirini ndani yake. Ibuprofen au diclofenac tumia tu kama daktari ameruhusu. Tramadol na codeine huleta usingizi na kufunga choo, na kujikakamua chooni hupandisha presha kifuani, jambo usilolitaka sasa. Kunywa maji, kula papai, mchicha, maharage. Ikishindikana omba dawa ya kulainisha choo.

Antibayotiki usijinunulie. Mara nyingi dozi muhimu ni ile uliyopigwa kwenye mshipa kabla ya kisu, na ya ziada ni uamuzi wa daktari.

Siku ileile ya upasuaji, jioni, simama utembee ndani ya nyumba. Dakika tano kila saa mbili ukiwa macho zinatosha. Kutembea huku ndiko kunakosaidia kuzuia damu kuganda kwenye mishipa ya miguu. Ukiwa umekaa, chezesha vifundo vya miguu juu na chini. Vuta pumzi ndefu kumi kila saa, hata kama kifua kinabana, maana anayepumua juujuu kwa hofu ya maumivu hujiletea kifua kibovu.

Na wazee wakija na maji ya moto wakukande, washukuru, wakatae. Ngozi ya titi lililotoka kupasuliwa mara nyingi ina ganzi, inaungua bila wewe kusikia, na joto huita damu mahali ambapo mishipa bado haijajifunga. Kujifukiza pia kungoje. Barafu nayo isiguse ngozi moja kwa moja, kwa sababu ileile ya ganzi.

Dalili za kukukimbiza hospitali

Hapa usipige simu kwa shoga wala usiulize kwenye kundi la WhatsApp.

Titi moja likivimba ghafla kuliko jingine, likawa gumu, limejaa, linauma kwa kuongezeka saa hadi saa, hiyo huenda ni damu iliyovilia ndani. Hutokea zaidi ndani ya saa 48 za kwanza, lakini kazi nzito inaweza kuileta hata wiki ya pili au ya tatu. Tiba yake ni kurudishwa thieta kuitoa, na kuchelewa hakusaidii kitu.

Homa ya nyuzi 38 au zaidi, wekundu unaosambaa, joto, usaha au harufu ni uambukizo. Kwenye ngozi nyeusi wekundu hauonekani kirahisi kama vitabu vinavyodai. Tegemea zaidi joto la ngozi unapoigusa kwa mgongo wa kiganja, kung'aa kwake, rangi kuwa ya zambarau au nyeusi zaidi, na maumivu yaliyokuwa yamepungua kisha yakarudi.

Mguu mmoja kuvimba na kuuma kwenye shavu la mguu, au kukosa pumzi ghafla, kuchomwa kifuani unapovuta hewa, kukohoa damu: hiyo ni dharura ya kufa na kupona, nenda hospitali yoyote iliyo karibu, si lazima iliyokupasua. Waambie ulifanyiwa upasuaji na tarehe yake. Siri yako haina nafasi hapo.

Mshono ukifunguka ukaona kitu cheupe au kinachong'aa ndani, funika kwa kitambaa safi cha hospitali, usikirudishe kwa kidole, ondoka.

Kuna mengine yanatisha bure. Sauti ya maji au hewa ikichezacheza ndani siku za mwanzo, matiti kukaa juu mno na kuwa magumu, moja kutangulia kushuka, shoti za ghafla kama umeme kwenye chuchu, ganzi, kifua kukaza kila asubuhi: haya ni ya kawaida. Kushuka na kulainika kuchukua sura ya kudumu huhitaji miezi mitatu hadi sita. Usihukumu kazi ya daktari kwa picha za wiki ya pili.

Siku ya 4 hadi ya 14

Kuoga kwa maji ya kumwagia huruhusiwa na madaktari wengi baada ya siku moja hadi mbili, wengine husubiri bandeji ya kwanza itolewe. Maji yateremke, usisugue, kausha kwa kugusagusa. Kujitumbukiza kwenye beseni, bwawa au baharini ni marufuku hadi vidonda vifunge kabisa, na wiki sita ni kipimo salama.

Viwiko vikae karibu na mbavu. Kuanzia siku ya tatu au ya nne, kama umeruhusiwa, zungusha mabega taratibu nyuma mara kumi, asubuhi, mchana na jioni. Kisha inua mikono mbele hadi usawa wa bega, bila kushika kitu. Mwisho wa wiki ya pili jaribu kuipandisha juu ya kichwa polepole ukiwa umelala chali. Mtu anayekaa na mabega yamejikunja mbele kwa woga hupona kifua akabaki na shingo na mgongo vinavyomuuma kwa miezi.

Juu ya hili madaktari wanabishana. John Tebbetts, daktari wa Dallas, alichapisha mwaka 2002 utaratibu wake wa kuwarudisha wagonjwa kwenye shughuli za kawaida ndani ya saa 24, wakiinua mikono siku ileile. Lakini shughuli za kawaida alizozungumzia zilikuwa za kuvaa, kuchana nywele, kutoka nje kula. Wapo madaktari wa leo wanaofuata njia hiyo, wapo wanaowakataza wagonjwa kuinua mikono wiki mbili. Kwa maoni yangu tofauti hiyo inahusu zaidi kunyoosha mkono mtupu. Kuhusu kubeba mzigo, karibu wote wanasema neno moja: ngoja.

Kazi ya kukaa ofisini unaweza kurudi baada ya siku tano hadi kumi. Kuendesha gari ngoja uache dawa za usingizi na uweze kugeuza usukani kwa ghafla na kukanyaga breki bila kusita, yaani wiki moja hadi mbili, zaidi kwa gari lisilo na pawa. Mkanda wa gari vaa tangu siku ya kwanza, uwekee taulo ndogo iliyokunjwa kati yake na titi. Daladala kama huna budi, panda ile yenye siti. Kusimama ukining'inia kwenye bomba la juu, halafu dereva apige breki, ni mtihani ambao msuli wako bado hauuwezi. Bodaboda ngoja wiki nne hadi sita, na barabara ya matuta ngoja zaidi.

Kwa waliofanyiwa nje ya nchi: ushauri unaotolewa Uingereza ni kukaa siku 5 hadi 7 baada ya upasuaji wa matiti kabla ya kupanda ndege. Ningeongeza kwamba usiondoke kabla ya daktari kuona kidonda mara ya mwisho, hata kama tiketi ni ya siku ya nne. Kutoka Istanbul hadi Dar es Salaam ni takriban saa saba angani. Chagua kiti cha pembeni ya njia, simama utembee kila saa, kunywa maji, na umuulize daktari kuhusu soksi za kubana miguu. Begi la juu ya kiti mwachie mhudumu au abiria mwenzako. Masanduku ya vitenge na viatu vya biashara hayana nafasi safari hii.

Kwa Muislamu, kusujudu kunashusha kifua chini na kuweka uzito kwenye viganja wakati wa kuinuka. Mgonjwa ameruhusiwa kuswali akiwa amekaa, basi kaa kitini, uiname kwa ishara. Rudi kwenye sijda utakapoweza kwenda chini na kuinuka bila kusukuma sakafu kwa mikono, kwa wengi ni wiki ya nne. Ikiwa ni Ramadhani, siku za dawa na maji mengi zina ruhusa yake ya kulipa baadaye.

Tendo la ndoa subiri wiki mbili, kisha taratibu, na matiti yasiguswe hadi wiki ya sita.

Wiki ya 3 hadi ya 12: kazi za nyumbani

Kwanza kilo. Wiki mbili za mwanzo mzigo usizidi kilo mbili. Hadi wiki ya sita usizidi kilo tano. Sasa pima vya nyumbani kwako. Lita moja ya maji ni kilo moja, hivyo ndoo ya lita 20 ni kilo 20 na galoni ya lita tano tayari imefika ukingoni. Mtoto wa mwaka mmoja ana kilo tisa au kumi. Mtungi wa gesi unaoitwa wa kilo sita ni kilo sita za gesi peke yake, chuma chake hakijahesabiwa. Ndoo ya kichwani ina ujanja wake: ikishakaa kichwani haisumbui sana, kinachochana ni kuipandisha na kuishusha.

Mtoto mdogo hataelewa. Kaa chini au kwenye kochi, mwache apande mwenyewe, au awekwe pajani na mtu mwingine. Mweke upande, asilalie kifua. Kumtoa kitandani au kumpandisha mgongoni ni kazi ya mwingine hadi wiki ya sita, na hata hapo anza ukiwa umepiga magoti karibu naye, usiiname ukanyoosha mikono mbali.

Kazi za mikono nazipanga hivi, kwa aliyewekewa chini ya msuli. Wa juu ya msuli anaweza kutangulia kwa wiki moja au mbili akiruhusiwa.

Wiki ya pili: kuchemsha chai, kukata mboga mezani, kuosha vikombe na sahani chache, kukunja nguo.

Wiki ya tatu na ya nne: kukoroga uji, kufagia kwa fagio la mpini mrefu, kupiga pasi nguo nyepesi, kusuka nywele za mwanao kwa vipindi vifupi.

Wiki ya sita: kusonga ugali wa watu wawili, kukanda unga wa chapati chache, kufua nguo za ndani na mashati.

Wiki ya nane: kukuna nazi, kupiga deki, ndoo ya lita 10.

Wiki ya kumi na mbili: kutwanga kisamvu, kukamua mashuka na mablanketi, ndoo iliyojaa, kugeuza godoro.

Kusonga ugali nimekuweka mbali kwa makusudi, hata ule wa watu wawili. Ule mkono unaokandamiza mwiko kwenye ukingo wa sufuria unatumia msuli uleule wa pushapu, tena kwa kushtukiza. Kukuna nazi kwenye mbuzi ni vivyo hivyo, na umeinama. Mama ntilie, mfumaji wa mikeka, mwuguzi anayegeuza wagonjwa na mkulima wa jembe wasijidanganye na ratiba ya mtu wa ofisini. Omba likizo ya angalau wiki sita au upange upasuaji msimu ambao kazi ni chache.

Kurudi kwenye mazoezi

Utaratibu ni miguu kwanza, kisha mapigo ya moyo, kisha kuvuta, na kusukuma mwisho kabisa. Wiki mbili za mwanzo ni kutembea tu, mwendo ambao unaweza kuongea bila kuhema na hutoki jasho. Presha ikipanda mapema, mishipa midogo iliyoziba juzi hufunguka.

Wiki ya tatu na ya nne tembea haraka nusu saa, au panda baiskeli ya mazoezi ukiwa umekaa wima. Usiegemee mikono kwenye usukani, uzito wa kiwiliwili ukiwa viganjani kifua nacho kinafanya kazi.

Wiki ya nne au ya tano ongeza skwati bila uzito, kupanda ngazi, kuinua nyonga ukiwa umelala chali. Tumbo lingoje kidogo: kujiinua kutoka sakafuni hukaza kifua zaidi ya unavyodhani.

Wiki ya sita, daktari akiridhika, anza kukimbia. Dakika moja kimbia, mbili tembea, mara sita hadi nane, kwenye udongo au uwanja wa nyasi kuliko lami. Sidiria ya mazoezi iwe ya kubana kweli: ruka mara tatu mbele ya kioo, ukiona matiti yanapanda na kushuka peke yake, haifai. Uzito umeongezeka kuliko ulivyozoea, kwa hiyo sidiria za zamani zitoe. Waya wa chini usiurudishe kabla ya daktari kuruhusu, kwa kawaida kati ya wiki ya sita na ya kumi na mbili, hasa kama mkato wako uko kwenye mkunjo ambao waya unakalia. Kuogelea nako kunaanza hapa kwa kupiga miguu tu ukishika ubao. Mikono ijiunge wiki ya nane au zaidi.

Wiki ya nane anza kuvuta kwa mpira wa mazoezi, na uzito wa kilo moja au mbili kwa mikono, viwiko karibu na mwili. Planki fanya ukiwa umeegemea meza. Netiboli, mpira wa miguu na ngumi zingoje wiki ya kumi hadi ya kumi na mbili, kwa sababu mpira wa kifuani hauombi ruhusa.

Wiki ya kumi na mbili ndipo pushapu: wiki nzima ukutani, nyingine mezani, nyingine kwa magoti, ndipo sakafuni. Uzito wa kusukumia kifuani anza na chini ya nusu ya uliokuwa ukibeba zamani.

Kila unapopanda hatua, fanya kidogo kisha subiri kesho yake. Uchovu wa misuli wa pande zote mbili ni halali. Uvimbe mpya, titi moja kukaza, maumivu ya kuchoma kwenye mshono, au hali kuwa mbaya zaidi baada ya saa 24, rudi hatua moja nyuma kwa wiki nzima.

Aliyewekewa chini ya msuli ataona jambo ambalo wachache huambiwa kabla: ukikaza kifua, titi linasogea, linapanda au kutanuka kuelekea kwapani. Halina madhara kwa wengi. Lakini mwenye kujenga kifua kwa uzito mkubwa kwa miaka anaweza kuvisukuma vipandikizi kidogokidogo kuelekea kwapani, na madaktari wengine huwashauri watu hao kuacha kabisa uzito mzito wa kifua. Kama wewe ni mnyanyua vyuma au mwanajeshi, zungumza hili kabla ya upasuaji, kwa sababu huamua kipandikizi kiwekwe wapi.

Kovu

Sisi watu weusi tuna keloidi zaidi, na kifua ni mojawapo ya sehemu zinazozipenda. Kama sikio lako lilivimba ulipotoboa, au mama yako ana kovu lililonenepa, mwambie daktari mapema. Kidonda kikishafunga kabisa, wiki ya pili au ya tatu, anza jeli au utepe wa silikoni, saa 12 au zaidi kila siku, kwa miezi mitatu. Kovu likianza kuwasha, kung'aa na kupanda, sindano za steroidi hufanya kazi vizuri zikianza mapema. Dawa ya meno, majivu, liwa na mafuta ya kienyeji visikaribie mshono.

Miaka inayofuata

Vipandikizi havikutengenezwa kudumu maisha yote. Kadiri miaka inavyopita, ndivyo uwezekano wa kurudi thieta unavyoongezeka, na bajeti yako ilijue hilo. Mwili hujenga utando wa kovu kuzunguka kipandikizi, na kwa baadhi ya watu utando huo hukaza mpaka titi likawa gumu, likapinda au kuuma. Titi likivimba lenyewe mwaka mmoja au zaidi baada ya upasuaji, bila kugongwa, nenda ukapimwe yale maji yaliyojaa, hasa kama kipandikizi ni cha uso wa kukwaruza.

Kwa vya silikoni, FDA inashauri kipimo cha kwanza cha picha, cha ultrasaundi au MRI, miaka mitano hadi sita baada ya upasuaji, kisha kila miaka miwili au mitatu hata kama huna dalili, kwa kuwa silikoni ikivuja mara nyingi huwezi kuhisi. Ukienda kupima saratani ya matiti kwa mamogramu, mwambie mpiga picha kabla hajakubana, kwani kuna namna ya kukisukuma kipandikizi nyuma ili nyama ya titi ionekane. Ukipata mtoto, wengi hunyonyesha bila shida, japo waliokatwa kuzunguka chuchu wanaweza kupata maziwa machache. Mwambie mkunga, ampime mtoto uzito mapema.

Kadi ya kipandikizi piga picha mbele na nyuma, jitumie kwenye barua pepe, na nakala moja mpe yule mtu mmoja anayejua.